Bati za Tajiri na Wimbo Wangu

Assalamu alaykum, mama zangu, dada zangu, na nyinyi akina baba mliokaa upande ule wa dirisha. Wakubwa wote, shikamooni. Nimeambiwa nisimame hapa mbele, lakini mkiniruhusu nitakaa, kwa sababu haya ninayotaka kuyasema ni marefu.

Mwenyekiti wa mkutano huu aliniletea ujumbe Msambweni. Alisema vyama vya ngoma na taarabu vya wilaya nzima vitakutana hapa Kwale, na kila chama kinalia hali ngumu, watu hawana cha kuchanga. Akasema, "Lakini nyinyi tunasikia mmesimamisha nyumba yenu upya bila ya mfadhili. Njoo utueleze mmechangishaje." Nikamjibu kwamba nitakuja, lakini siwezi kueleza jinsi nyumba ilivyosimama bila ya kueleza jinsi nilivyoibomoa. Akasema, "Basi njoo na yote." Kwa hiyo nimekuja na yote. Majina ya watu sitayataja. La kutajwa ni langu tu, na hilo mnalijua.

Mimi ni msukaji makuti. Nilifiwa na mume nikiwa bado kijana, na tangu siku hizo nakula kwa vidole hivi. Sauti yangu Mungu alinipa bure, na aliyenifundisha kuitumia ni mjomba wangu, ndugu yake mama, ambaye ni mpiga fidla. Chama chetu cha taarabu tulikianza kabla ya uhuru, watu wachache tu, kwenye baraza ya mwanamke mmoja ambaye tangu utoto wangu nilimwita dada. Si dada wa tumbo moja. Alikuwa jirani, amenizidi umri, ameolewa na mwalimu wa skuli. Hawakujaliwa mtoto. Baraza yake ndiyo ilikuwa nyumba yetu ya kwanza. Mkeka tuliokalia ulikuwa wake, kahawa tuliyokunywa ilikuwa yake, na jirani akija kulalamika kelele, yeye ndiye aliyetoka kumjibu. "Wacha waimbe," alikuwa akisema. "Nyumba yangu imekuwa kimya miaka mingi."

Tafadhalini maneno hayo myakumbuke, mimi niliyasahau.

Chama kilipokua tukajenga nyumba yetu wenyewe, ya udongo na makuti, karibu na uwanja. Mimi nikawa mwimbaji wa mbele, tena nikawa ndiye ninayetumwa kuomba michango. Ndugu zangu, kuomba kuna adabu yake, na mimi niliijua. Nilikuwa nakwenda asubuhi kabla jua halijapanda, naulizia afya ya kila aliyemo nyumbani mpaka ya mbuzi, nakunywa maji nikipewa. Siku ya kwanza siombi kitu. Siku ya pili pia siombi. Siku ya tatu mwenyewe ananiuliza, "Haya, chama chenu kina haja gani?" Hivyo ndivyo tulivyopata kinanda chetu cha kwanza, kile cha kupiga kwa mkono mmoja huku mwingine unavuta mvukuto wake nyuma, na ndivyo tulivyopata ngoma zetu mbili za dumbaki.

Mwaka wa uhuru hata kuomba hatukuomba, tulipewa. Kila mwenye harusi alitaka taarabu, kila mtoto aliyetahiriwa alitaka ngoma, na sisi tukadhani hali itakuwa hiyo hiyo siku zote.

Haikuwa. Bei ya mbata ilianguka. Nyinyi wa mashambani mnayajua haya kuliko mimi: mtu anavunja nazi, anakausha, anapeleka dukani, anarudi na pesa ambazo hata sukari ya mwezi haziwezi kununua. Nilikwenda kwa mzee mmoja mwenye shamba, mtu ambaye hakuwahi kunirudisha mikono mitupu. Safari hii hakungoja siku ya tatu. Alinishika mkono akanipeleka ghalani. Mbata zilikuwa zimelundikwa mpaka darini, zimeanza kufanya ukungu. Akaniambia, "Mwanangu, chukua uwezazo. Ukipata wa kuzinunua, pesa ni yenu, mimi sitaki hata senti." Nikamtazama usoni nikaona anataka kulia. Nikamuaga. Sikuchukua hata moja.

Basi ikawa ndivyo nyumba baada ya nyumba. Watu waliozesha watoto wao kwa maulidi na sahani ya pilau, bila ya kutuita. Paa letu likaanza kuvuja. Mtanicheka: msukaji makuti, na nyumba yake ya chama inavuja! Lakini makuti niliyosuka nilikuwa nauza nipate unga, na tena boriti zenyewe zilikuwa zimeliwa na mchwa. Mvua za masika zikaingia mpaka kwenye kinanda. Mbao zikavimba, mvukuto ukachanika. Ukikivuta kinakohoa tu.

Hapo ndipo nilipokwenda kwa tajiri.

Alikuwa na shamba kubwa la minazi na duka la jumla. Mbata zilipoanguka yeye hakuanguka, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akizinunua. Nilimkuta barazani kwake amevaa kanzu nyeupe, anakunywa chai.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba. Karibu, kaa kitini, usikae chini. Nasikia kinanda chenu kimenyeshewa."

Nikashtuka kwamba anajua. "Kimenyeshewa, bwana. Tumekuja kuomba boriti, na utupe ruhusa tukate makuti shambani kwako."

Akacheka, lakini si cheko la ubaya. "Makuti! Kila miaka miwili mitatu mvue, muezeke tena? Nitawapa bati."

Ndugu zangu, nyumba zenye bati Msambweni siku zile zilikuwa za kuhesabu. Akaendelea, "Na kinanda kipya nitawaletea kutoka Mombasa. Na kanga za sare, waimbaji wasionekane kama mayatima."

Nikamwambia, "Bwana, sisi tutakupa nini?"

"Sitaki kitu," akasema. "Nataka dua zenu tu."

Nilirudi mbio kama mtoto. Nakumbuka nilimpita dada yangu yule amekaa nje anachambua mchele, nikampigia kelele, "Dada, tumepata bati!" Akasimama akanikumbatia, mchele ukamwagika, tukacheka wote wawili huku tunaokota.

Bati zikaja. Kinanda kikaja. Miezi kadhaa tulikaa raha, na tajiri hakuleta neno. Ila nilikuwa nimeanza kuona kwamba tukiimba, jina lake huingia. Kwanza ubeti mmoja wa shukrani. Kisha miwili. Hakuna aliyetulazimisha, tulitia wenyewe.

Kisha ukakaribia uchaguzi wa diwani. Tajiri alikuwa anasimama, na watu wakamwomba yule mwalimu, mume wa dada yangu, naye asimame. Mwalimu hakuwa na pesa, lakini nusu ya mji ilijua kusoma kwa sababu yake. Siku moja tajiri akatuma mtu aniite.

Safari hii sikupewa kiti. Sisemi alininyima kwa makusudi, labda hakukumbuka. Akasema, "Nina karamu ya akina mama hapa kwangu Jumapili ya pili kutoka leo. Nataka wimbo mpya."

"Utapata, bwana. Wa kukusifu?"

"Kusifiwa nimesifiwa kutosha. Nataka unaomhusu mwalimu."

"Mwalimu ana nini, bwana?"

"Hana kitu. Nimemtafutia doa nikachoka. Lakini nyumbani kwake hamna mtoto hata mmoja. Hilo nyinyi mnalijua kuliko mimi."

Nikasema, nakumbuka vizuri kwamba nilisema, "Bwana, hilo ni la Mungu."

"Sikukwambia umtaje mtu. Nyinyi waimbaji mna njia zenu. Sema kwa fumbo, anayejua atajua." Akanywa chai yake. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, "Bati zimekaa vizuri?"

"Zimekaa, bwana. Hazivuji."

"Vyema."

Basi, hakuniambia kingine. Hakunitisha wala hakunipigia kelele. Niliondoka nikajiambia: chama kina watu wengi, na wengi wao hawana kazi nyingine, nyumba ni ya wote, si yangu, wimbo ni maneno tu, utapita. Nilijiambia mengi. Lakini nimekuja hapa kusema kweli, na kweli ni hii: nilipokaa kuutunga, haukunisumbua. Ulikuja wenyewe. Niliutunga juu ya kisima, kisima kizuri kilichojengewa, chenye ndoo mpya na kamba mpya, ambacho aliyekichimba amezeeka akichungulia na maji hayajaonekana. Sitauimba hapa. Na kibaya zaidi, mama zangu, ulikuwa wimbo mzuri. Nilijivunia. Nilimpelekea mjomba wangu atafute sauti yake kwenye fidla, kama nilivyofanya kila mara.

Akausikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Wimbo huu ni wa nani?"

"Ni wa kisima tu, mjomba."

"Mimi ni mzee, si mjinga. Kuimba ulijifunzia kwenye baraza ya nani?"

Nikatazama chini. Nikamwambia, "Mjomba, tumeshakula cha mtu."

"Umekula wewe," akasema. "Mimi nilikuwa napiga fidla." Akaifunga fidla yake kwenye kitambaa, akaitia kwapani, akatoka. Hakurudi tena chamani.

Nikaamua kwamba kinanda na dumbaki vinatosha.

Jumapili ile, baada ya alasiri, ua wa tajiri ulijaa akina mama. Mikeka imetandikwa, udi unafuka, sisi tumevaa kanga zetu za sare. Na dada yangu akaja. Nilikuwa nimejipa moyo kwamba hatakuja, lakini kwa nini asije? Chama kilikuwa chake kabla hakijawa cha mtu mwingine. Akakaa mbele, mahali pake pa siku zote.

Nikaanza. Ubeti wa kwanza ulisifu kisima tu, uzuri wa mawe yake, na watu wakapendezwa. Dada yangu akanyanyuka kuja kunituza. Mnajua desturi yetu, mtu akipendezwa na mwimbaji anakuja na chochote alicho nacho, anacheza kidogo kidogo mpaka mbele. Basi akawa anakuja, anatabasamu, ameinua mkono na shilingi yake. Mimi namwona. Nilikuwa na muda wa kunyamaza. Ningeweza kukohoa, ningeweza kusema nimesahau. Nikatia ubeti wa pili.

Alikuwa katikati ya mkeka ubeti ule uliposikika. Akasimama. Mkono ulikuwa bado juu. Wengine wakaanza kucheka, wale wepesi wa kufumbua, kisha kicheko kikaenea. Yeye hakuwatazama. Alinitazama mimi tu, kama mtu anayesubiri kuambiwa kwamba amesikia vibaya. Mimi nikaendelea, kwa sababu kinanda kilikuwa kinaendelea.

Akaja mpaka mbele. Akaiweka ile shilingi juu ya kinanda, polepole, kama desturi inavyotaka. Akavuta buibui lake, akaenda zake.

Nisameheni kidogo. Nipeni maji.

Ahsante, mwanangu.

Tajiri alishinda. Siwezi kusema kama ni kwa wimbo au kwa pilau aliyopika, lakini alishinda. Wimbo ukatoka uani kwake ukaingia mjini. Wanawake waliuimba wakitwanga. Watoto waliuimba dada yangu akipita na ndoo yake, na wao hata hawakujua maana, waliupenda tu. Haukupita mwezi, akafunga nguo zake akaenda kukaa kwa kaka yake Vanga. Mwalimu akabaki peke yake katika nyumba ile. Mwisho naye aliomba uhamisho.

Msidhani watu walikuja kunisuta. Hapana, na hilo ndilo lililonichoma. Walinisalimia, nikawajibu. Lakini mtu ambaye jana alikuwa akinieleza habari za binti yake, leo akiniona nafika anabadilisha mazungumzo. Wakaniogopa. Nani atamwambia siri mwimbaji anayetunga kwa kuagizwa? Harusi zikapita mlango wangu. Wanachama wakaanza mmoja mmoja: huyu anaumwa, huyu mume hataki. Na siku tajiri alipoagiza wimbo mwingine, wa kuwakejeli vibarua wa shamba lake waliokuwa wakidai ujira wao, hakuna mtu aliyekuja mazoezini. Vibarua wale walikuwa ndugu zetu, waume wa waimbaji wetu. Nasema hivi ili msinisifu: si mimi niliyekataa. Mimi nilikuwa nimekaa ndani ya nyumba ile ya bati, na karatasi yangu mkononi, nawangoja.

Tajiri alipoona wimbo hauji, akatuma lori. Vijana wake wakapanda juu wakang'oa bati moja baada ya moja. Kinanda wakakitoa mlangoni. Nikawauliza, "Mnafanya nini?" Mmoja akasema, kwa adabu, "Mama, tumetumwa. Vitu ni vyake." Na kweli vilikuwa vyake. Hatukuwahi kuandikiana popote kwamba ametupa. Masika hayo mvua ikaingia ndani ikaziyeyusha kuta, mpaka zikabaki nguzo na tope.

Mimi nilijifungia. Nilisuka makuti yangu uani, nikamtumia mtu kuniuzia. Sauti haikuondoka, maana wako wanaosema nililaaniwa nikawa bubu. Sauti ilikuwepo. Ila nikifungua kinywa kuimba hata kwa kujiliwaza, wimbo unaokuja ni ule ule. Nikaacha. Sikuimba kitu mwaka mzima na zaidi.

Nina mdogo wangu, mtoto wa mwisho wa mama yetu. Ameolewa Lunga Lunga. Asubuhi moja nikamwona anaingia na mzigo wake kichwani. Miaka minne ya ndoa, na alikuwa hajajaliwa. Nikamuuliza, "Umeachwa?"

"Sijaachwa. Nimeondoka."

"Kwa nini?"

Akatua mzigo. "Mama mkwe anaimba."

"Anaimba nini?"

Akanitazama. "Dada, wewe waniuliza mimi anaimba nini?"

Mama mkwe wake alikuwa anauimba wimbo wa kisima kila asubuhi, mtu wa kwanza kuamka, akichota maji, akiwasha moto, akifagia. Huko Lunga Lunga hata hawakujua nani aliyeutunga. Mdogo wangu alijua. Alikuwa amenyamaza miezi saba.

Nilitoka nikaenda mpaka kwa mjomba wangu, na tulikuwa hatujasemezana tangu siku ile ya fidla. Nilimkuta anarekebisha wavu wa mtu. Nikasema, "Shikamoo mjomba. Nataka kwenda Vanga." Akaniangalia sana, akaweka wavu chini, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa kofia yake. Akasema, "Twende."

Njia ya Vanga mnaijua, na mvua ilikuwa imenyesha. Lori lilikwama, tukamalizia kwa miguu, tope mpaka magotini, mjomba na uzee wake hakuguna. Tulimkuta dada yangu uani kwa kaka yake, anapanga samaki juu ya uchanja wakauke. Alikuwa amepungua mwili. Mjomba akabaki nje ya uzio na kaka mtu.

"Shikamoo, dada."

Akaendelea kupanga. "Marahaba. Umekuja kuchangisha?"

Nilistahili. Nikapiga magoti pale penye magamba ya samaki. "Nimekuja kukuomba radhi."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Tajiri hajambo?"

"Dada, ametung'oa bati. Chama kimekufa. Lakini sikuja kwa hilo."

"Kwa hiyo kama zingekuwepo bati, usingekuja."

Nilitaka kusema ningekuja. Nikasema, "Sijui."

Hapo akaacha samaki. Akakaa juu ya gogo, akafuta mikono. "Hilo ndilo neno la kweli umeniambia tangu ufike. Sikiliza. Wewe umekuja mpaka Vanga, ambako watu hawanijui, uniombe radhi baina yangu na wewe na samaki hawa. Uliponitukana ulinitukana mbele ya akina mama wa Msambweni wote. Nilisimama katikati ya mkeka wote wananiona."

"Ndiyo, dada."

"Basi kaseme pale pale. Yatamke maneno yako mbele ya wale wale. Usiseme kwa fumbo. Nitaje jina langu na ulitaje lako."

"Ukisikia nimesema, utarudi?"

Akainuka akarudi kwenye samaki wake. "Sikukwambia nitarudi."

Kabla hatujaondoka alitupa chakula, wali na samaki, kwa sababu ndivyo alivyo. Hakukaa kula nasi.

Nawaambia, kuimba mbele ya watu mia ni rahisi. Siku ya maulidi ya akina mama pale Msambweni, baada ya dua, niliomba ruhusa kwa bibi aliyeyasimamia. Nikasimama nikasema yote. Nikamtaja dada yangu kwa jina lake na jina la baba yake, nikasema amenifanyia haya na haya tangu utoto wangu, na mimi nikamfanyia hili. Nikasema niliagizwa, lakini kinywa kilikuwa changu. Nikasema wengi mlicheka, na aliyewachekesha ni mimi. Nikamaliza. Mama mmoja akainuka akatoka nje. Wengine wakatazama mikono yao. Nikarudi nyumbani nikiwa nimetahayari kuliko nilivyotoka.

Zilipita kama wiki tatu. Siku moja yule mama aliyetoka nje akaja kwangu na mzigo wa makuti kichwani, akautua mlangoni. Nikafikiri ananiletea niuze. Akasema, "Si yako haya, usinishukuru. Ni ya nyumba ya chama. Mimi nilicheka siku ile, na nilicheka kwa nguvu."

Ndugu zangu, hapo ndipo uchangishaji wetu mpya ulipoanza, na sikuuanzisha mimi. Watu hawakuwa na pesa, hilo halikubadilika, mbata zilikuwa bado hazina bei. Lakini kila nyumba ina mnazi, na wanawake wote wana vidole. Tukaitana, wanachama wa zamani na wasio wanachama, na mjomba wangu akaleta shauri moja ambalo ndilo mwenyekiti anataka niwafundishe. Alisema, "Hakuna nyumba itakayotoa zaidi ya makuti kumi. Mwenye uwezo wa kutoa mia, atoe kumi. Asiyeweza kumi atoe moja. Paa likikamilika, asiwepo mtu anayeweza kulitazama akaliona lake."

Ilichukua muda mrefu, maana na kuta tulizikandika upya wenyewe, na kuna waliokata tamaa. Mara tatu tuliezeka nusu tukaishiwa, tukakaa na nusu paa. Mke mkubwa wa tajiri mwenyewe alikuja siku moja, peke yake, na makuti yake kumi kwenye kanga. Kuna waliotaka kuyakataa. Tukayahesabu, yalikuwa kumi, tukayapokea. Kinanda hatuna mpaka leo. Tuna fidla ya mjomba, dumbaki moja, na matari. Mwenye harusi asiye na pesa hutulipa mchele au nazi, tunagawana papo hapo. Na kabla ya kila wimbo mpya kuimbwa nje, wanachama husikiliza kwanza, na yeyote akisema wimbo huu unamuumiza mtu, hauimbwi, hata kama ni mzuri. Hasa ukiwa mzuri.

Sasa nishukuru. Namshukuru mjomba wangu, aliyetembea kwenye tope bila ya kunilaumu. Namshukuru mama yule wa makuti ya kwanza. Namshukuru mdogo wangu, ambaye mumewe alimfuata akamchukua, akamjengea chumba mbali na mama yake. Mtoto bado, na hakuna anayemuuliza. Na dada yangu namshukuru kwa kuniambia maneno magumu, maana angenisamehe kwa urahisi pale uani ningerudi nyumbani nikalala. Nilimtumia habari kwamba nimesema. Nikamtumia habari kwamba nyumba imesimama. Hajajibu. Wanaotoka Vanga wananiambia ni mzima, na mimi siwaulizi zaidi.

Nyinyi wa Diani mmeanza kupata hoteli na wageni wenye pesa. Wengine mna wafadhili wakubwa zaidi ya tajiri wetu. Siwaambii mkatae. Njaa ninaijua. Nawaambia tu, mtu akisema atakupeni paa, na mkamuuliza anataka nini, naye akasema hataki kitu, msiinuke kitini. Mwulizeni mara ya pili, na mara ya tatu, mpaka aseme. Mimi niliuliza mara moja tu, nikakimbia nyumbani kwa furaha.

Na nina ombi moja kwenu, nyinyi waimbaji wa wilaya hii. Wimbo ule nimesikia umefika Kinango. Huko mwendako, mkimsikia mtu anauanzisha, msiuitikie.

Ahsanteni. Nimemaliza.